Toleo la Nane Lisilopita Mezani

Jumatatu, 18 Novemba 2024

Mvua imeanza leo, na imeanzia dukani kwangu. Bati lililo juu ya mashine ya fotokopi linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka ndoo, nimehamisha karatasi, nimekaa kwenye kiti changu na kushika tama. Wateja hawakuja. Mvua ya kwanza Sumbawanga kila mtu anatafuta mbegu, hakuna anayetafuta nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Aliyekuja ni Flavian wa redioni, kalowa mpaka soksi, anacheka. Huyu kijana anacheka hata akileta habari ya msiba.

"Dada Bertila, Mwalimu kasema."

Mwalimu ni Tadei, mwanzilishi wa jarida letu la Uwanda, na akisema huwa hasemi jambo jepesi. Kasema toleo lijalo ndilo la mwisho. Kasema libebe historia yote ya Uwanda tangu siku ya kwanza, siasa yake na ushairi wake, na kwamba nitaiandika mimi kwa kuwa mimi ndiye mhariri. Tuisome Pasaka.

"Kwa nini asiiandike mwenyewe?"

"Macho, dada. Haoni tena hata mkono wake."

Nilijua macho yanakwenda. Sikujua yamekwisha. Jioni nikamwaga ndoo, nikafunga duka.

Alhamisi, 21 Novemba

Umeme hakuna. Historia hakuna. Ndoo imejaa tena.

Jumapili, 24 Novemba

Acha nilieleze hapa, maana nikiendelea kulilalamikia kichwani nitaugua.

Nimetafuta kabatini matoleo ya zamani ya Uwanda na sikupata hata moja. Si kwamba yameibwa. Tuliyagawa. Tangu toleo la kwanza jalada letu lina mstari mmoja chini kabisa: Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako. Wasomaji waliutii, na sisi wenyewe, wajinga wa kwanza, tukautii kuliko wote. Kila mhariri alisoma nakala yake na kumpa mwenzake. Hakuna jarida jingine duniani, naamini, ambalo ofisi yake haina nakala ya jarida lake. Tulijivuna kwa hilo. Mwalimu alikuwa akisema karatasi iliyolala kabatini ni karatasi iliyokufa. Sasa tunataka historia, na historia iko mikononi mwa watu kuanzia hapa mpaka Kalambo, kama bado hawajaitumia kuwashia moto.

Kanuni yetu ya pili ni meza. Hakuna neno lililochapwa Uwanda bila kusomwa kwa sauti mezani kwa Mwalimu, huko Kasense, mwandishi mwenyewe akiwa amekaa hapo. Anayekubali huweka kiganja mezani. Asiyekubali husema "haipiti", na hapo ni lazima ataje ni sentensi ipi na kwa nini; kusema tu hajaipenda hakutoshi. Mara ya kwanza nilikaa pale mwaka 2004 na shairi langu. Mwalimu akasema haipiti, ubeti wa tatu unadanganya kuhusu baridi. Nilimchukia wiki nzima. Nikautazama ubeti, kweli ulikuwa unadanganya.

Jumatano, 27 Novemba

Nimekwenda Kasense kwa bodaboda. Tope lilinirukia mpaka kwenye miwani. Mwalimu alikuwa amekaa mezani kwake, koti begani, uso ameuelekeza dirishani ingawa dirisha halimpi kitu tena. Amekonda sana.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Bertila. Unanuka mvua. Kaa."

Nikajua kilichomsukuma. Mwezi uliopita, kwenye kipindi cha Flavian cha kupiga simu, msikilizaji mmoja alisema waandishi wa siku hizi wasijifanye wagumu, hata Uwanda wa Mwalimu Tadei waliomba radhi. Mwalimu alisikia. Tangu siku hiyo, kasema, halali vizuri.

Kisa chenyewe kila mtu hapa anakijua. Mwaka 2001, katika toleo la saba, Uwanda iliandika habari ya mizani. Walichukua gunia la mahindi, wakalipima kwa wanunuzi, wakalipima tena lilelile kwenye mizani nyingine, na gunia likaongezeka uzito njiani. Wakaandika hivyo tu, bila tusi hata moja. Nyuma ya wale wanunuzi alikuwepo mkubwa mmoja wa wakati ule, ambaye simtaji hata kwenye daftari langu. Mwalimu akachukuliwa. Alikaa mahabusu karibu masika yote, akapoteza kazi ya ualimu, akarudi na kifua ambacho hakijapona mpaka leo.

"Walinitaka niseme tulikosea," alisema. "Sikusema. Hatukuomba radhi, Bertila. Historia yako ianze na sentensi hiyo. Nikiisikia ikisomwa mezani, nitapumzika."

Mama Margareth, mkewe, alileta chai. Ana kovu la moto kwenye kiganja cha mkono wa kulia, linalopanda mpaka kifundo. Alimimina, akarudi jikoni. Tangu nimfahamu sijamwona amekaa kwenye meza ile. Huleta chai, huondoa vikombe. Siku zote nimedhani jarida aliliona kama mke mwenza, na sikumlaumu, ila sikumpenda pia. Mtu mkavu sana.

Alhamisi, 5 Desemba

Flavian ametangaza redioni kwamba tunatafuta matoleo ya zamani. Simu yangu haipumui. Wengi wanataka tu kunieleza walivyokuwa wakitusoma.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimechoka, lakini leo kwa furaha kidogo. Toleo la tatu limeletwa na mzee mmoja aliyelitandika chini ya sanduku la nguo za marehemu mkewe. La tano lilikuwa jalada la daftari la hesabu. Na la saba, lenyewe la mizani, nimelipata sokoni kwa mama muuza maharage, amelifunga pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana watoto wake. Hakutaka kuniachia. Ilibidi twende wote dukani nilinakili mbele ya macho yake, kisha akalikunja na kulirudisha kifuani.

Nililisoma nikiwa nimesimama. Makala yale bado yanauma. Mwalimu aliandika kama mtu anayepanga matofali.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Misa, wali, mvua. Nililala mchana kama gogo.

Alhamisi, 9 Januari 2025

Mvua ya mawe imepiga mahindi ya shemeji yangu, majani yamechanika kama yamepita kwenye kitana. Dukani watu wanatoa nakala za barua za kuomba msaada wa mbegu. Historia sijaigusa.

Jumapili, 19 Januari

Nimekwenda kwa mzee Isdori baada ya misa. Huyu alikuwa bwana shamba, ndiye aliyekuwa anatuchorea majalada, na ni mmoja wa wale walioanzisha. Anapenda utani na hasikii vizuri, kwa hiyo mazungumzo yake ni ya kupiga kelele. Nikamwambia nimebakiza toleo la nane tu, nalo silipati popote.

"La nane lipi?"

"La nane, mzee. Baada ya la saba."

"Ndiyo nakuuliza, lipi? Yalikuwa mawili!"

Nikadhani utani. Akaapa. La nane analolijua yeye lina suke la ulezi jaladani, alilichora mwenyewe, na lilitoka Mwalimu aliporudi. Lakini kabla ya hilo, wakati Mwalimu yuko ndani na yeye Isdori amejificha Mpanda kwa wakwe zake, mtu alimwonyesha Uwanda nyingine imeandikwa toleo la nane. Jalada halikuwa na mchoro. Lilikuwa ukurasa mmoja umekunjwa.

"Lilisemaje?"

"Sikusoma. Yule mtu alinitazama vibaya, akalirudisha mfukoni. Baadaye nikamwuliza Mwalimu, akasema hakuna kitu kama hicho. Mimi ni nani nimbishie?"

Nimerudi nyumbani. Najua lilisema nini. Nadhani nimelijua tangu siku Mwalimu aliponieleza habari ya yule msikilizaji.

Jumatatu, 20 Januari

Ina maana Mwalimu ametudanganya miaka yote hii. Nimeandika sentensi hiyo na nimeitazama asubuhi nzima. Mtu aliyenikatalia ubeti kwa sababu ulidanganya kuhusu baridi! Nimewafokea wateja wawili waliokuja na picha za pasipoti. Hawakuwa na kosa lolote.

Jumamosi, 1 Februari

Mvua. Sina hamu. Flavian ananiuliza nimefika wapi, namjibu nimefika Februari.

Jumapili, 9 Februari

Jana nilikwenda Mwimbi. Mama mmoja, Kristiana, alipiga simu redioni akisema aliwahi kulishika lile la nane lisilo na mchoro. Gari lilinasa mara mbili kabla ya Matai, tukashuka tukasukuma, nikafika nimevaa tope kama gauni la pili.

Kristiana ni mkulima, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alinikaribisha kwa Kifipa, na mimi nikamjibu kwa Kifipa changu cha mjini kilichojaa kutu, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza.

"Lile lilikuwa na neno moja kubwa juu. Tumekosea. Chini yake wanasema hawakupima vizuri gunia, wanawaomba radhi wanunuzi. Baba yangu alilisoma pale mlangoni. Alilia. Sikuwa nimemwona baba akilia. Alisema, kama hata hawa wameshindwa, basi."

"Nakala iko wapi, mama?"

"Si nilimpa mwenzangu? Ndivyo mlivyoandika! Halafu baadaye kidogo akaja mama mmoja kutoka Sumbawanga, kwa miguu kutoka Matai, mrefu, ana kovu la moto hapa." Akajigusa kiganja cha kulia. "Akaniomba lile gazeti. Nikamwambia nimempa jirani. Akaenda kwa jirani. Jirani naye kampa shemeji yake. Akaenda kwa shemeji. Mama wa watu, matope mpaka magotini, anazunguka nyumba kwa nyumba anakusanya karatasi. Kila aliyempa karatasi, mama yule alimshukuru kama amepewa mtoto. Nilimhurumia nikampikia ugali. Hakula."

Niliinama nikaitazama miguu yangu yenye tope. Kristiana alidhani nimechoka na safari, akaniletea maji ya kunawa miguu.

Kovu lile nalijua. Nimeliona likinimiminia chai miaka ishirini.

Jumatatu, 10 Februari

Homa. Duka limefungwa.

Jumamosi, 1 Machi

Flavian kaja dukani, nikamweleza. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Akatembea kati ya rafu na mashine, akatembea tena.

"Dada, hilo tuliache. Nakala hakuna hata moja. Mzee haoni, hana muda mrefu. Anataka sentensi moja tu. Tumpe."

"Na yule msikilizaji wako?"

"Yule nani atamwamini?"

Kasema kwa upole, na ndicho kilichonitisha, kwa sababu mimi pia nataka hivyohivyo. Nimechoka. Ningeandika "hatukuomba radhi", Mwalimu angetabasamu, tungefunga jarida letu kwa heshima na mimi ningelala. Nimeandika kurasa za toleo la saba na za la tisa. Katikati nimeacha wazi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda Kasense, lakini sikuingia ndani. Mama Margareth alikuwa shambani nyuma ya nyumba anafanya ntumba. Mvua zinapoelekea ukingoni sisi hapa tunalundika nyasi na kuzifukia kwa udongo, vilima vidogovidogo shamba zima, zioze humo mpaka msimu ujao. Alikuwa peke yake na jembe, umri ule. Nikavua viatu, nikachukua jembe jingine. Hakuniuliza nimefuata nini.

Tulifukia safu nzima. Kisha nikasema, "Mama, nilikwenda Mwimbi."

Akaendelea kuvuta udongo. "Kristiana bado mzima?"

"Mzima."

"Alinipikia ugali yule. Nilishindwa kumeza." Akaegemea jembe. "Uliza."

"Ni Mwalimu aliyekuagiza uandike?"

Alinitazama kama nimemtukana mumewe, na kwa kweli nilikuwa nimemtukana. "Tadei? Tadei angekufa mle. Ndiyo maana sikumwuliza."

Akanieleza akiwa amesimama palepale. Ni yeye aliyekuwa anakata stensili za Uwanda kwa taipu tangu toleo la kwanza, na ni yeye aliyezungusha mashine ya kurudufu; Mwalimu alisoma, Isdori alichora, yeye alichapa. Miaka yangu yote Uwanda sikulijua hilo, kwa sababu nilipokuja alikuwa ameshaacha. Mwalimu alipokuwa ndani, mtu alikuja nyumbani, akakaa kwenye meza ileile, akamwita shemeji. Akamwambia mumeo anakohoa damu. Andikeni kwamba mlikosea kupima, litoke kama toleo lenu la kawaida, na kesho yake yuko nyumbani.

"Isdori hayupo, wengine wamekimbia. Nimwite nani mezani? Niliandika jikoni, Bertila, nimesimama. Nikafunga mlango nikachapa. Mikono ikitetemeka nikaangusha taa ya mafuta, ndiyo hii." Akanionyesha kovu. "Akarudi. Mifupa mitupu. Nikamwambia jarida halikutoka ulipokuwa huko. Akaniamini. Nikasema nitazikusanya zote kabla hazijamfikia. Lakini si unajua tulivyoandika jaladani? Kila ninapofika, kampa mwenzake. Kampa mwenzake! Nililaani mstari ule. Nilikuwa nimeuchapa mwenyewe."

"Ulizipata zote?"

"Nilizopata nilichemshia chai yake."

Nikamwuliza kama ndiyo sababu hajawahi kukaa nasi. Alichukua jembe.

"Pale panakaa mtu aliyesomewa kazi yake ikapita. Ningekaaje?"

Nilitaka aniombe nisiandike. Ingenirahisishia. Hakuomba. Alisema tu, "Wewe ndiye mhariri," akaanza safu nyingine. Nikafukia naye mpaka mawingu yalipotufukuza. Nimemdhania vibaya mwanamke huyu kwa miaka mingi sana, na najionea haya.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeandika kurasa zilizokuwa wazi. Nimeandika yote, bila kupamba. Mikono inauma. Flavian kasoma, kasema, "Utamuua mzee." Inawezekana. Lakini mtu aliyetufundisha sote kutaja sentensi na sababu, nikimzika na sentensi ya uongo nitakuwa nimemzika vibaya.

Nilimpelekea Mama Margareth ujumbe kwamba Jumatatu ya Pasaka asiwe jikoni. Hakujibu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua imepungua, baridi imeanza kuuma masikio asubuhi. Sikula vizuri. Kesho.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimerudi sasa hivi, jua bado halijazama. Naandika kabla sijasahau nani alisema nini.

Tulikuwa Mwalimu, Isdori, Flavian na mimi. Mama Margareth alileta chai, akamimina, akarudi akasimama kwenye mlango wa jikoni. Mwalimu alikuwa amevaa koti lake la misa. Alisema, "Anza, Bertila. Sentensi ya kwanza."

Sentensi yangu ya kwanza haikuwa ile aliyoitaka. Ilisema tu mwaka na mahali Uwanda ilipoanza. Alikunja uso lakini akaniacha. Nikasoma. Matoleo ya mwanzo yalipita, Isdori akicheka alipotajwa. La saba lilipita. Nilipofika la nane nikanywa chai, nikasoma polepole: kwamba kulikuwa na matoleo mawili ya nane, kwamba la kwanza liliomba radhi, nani aliliandika, wapi, na kwa nini.

Flavian aliinamisha kichwa. Mwalimu hakugeuka.

"Margareth," alisema.

"Nipo."

"Hayo ni kweli?"

"Ni kweli."

Akapumua kwa shida, kifua kikimlilia. Nilifikiri Flavian alikuwa sahihi na tumemuua. "Miaka yote hii nawaambia watu hatukupiga magoti," alisema. "Kanisani. Redioni. Nimewaambia watoto wa watu. Kumbe kuna aliyepiga kwa ajili yangu, na huko vijijini watu wanajua, nami najigamba."

Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Ilisomwa mezani?"

"Hapana," alisema Mama Margareth. "Niliandika jikoni."

"Basi haijawa Uwanda bado. Njoo ukae. Isome."

"Sina nakala, Tadei. Nilizichoma."

"Uliikata stensili mwenyewe. Unaikumbuka."

Alikuja. Isdori alimvutia kiti. Alikaa ukingoni, mikono mapajani, na akaisema yote kwa kichwa, tangu neno kubwa la juu mpaka mwisho. Haikuwa ndefu. Sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa imeandikwa vizuri, na hilo liliniumiza zaidi, kwa sababu alijua kuandika na hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuitoa.

Isdori akaweka kiganja mezani haraka, kama mtu anayezima moto. Nikaweka changu. Flavian akaweka chake, machozi yanamtoka. Mkono wa Mwalimu ulibaki mapajani.

"Haipiti," alisema.

Mama Margareth alianza kuinuka. Nilimshika mkono wa kovu, na nikasikia sauti yangu ikisema kwa ukali ambao sikuukusudia, "Sentensi ipi, Mwalimu, na kwa nini? Kanuni ni yako."

"Sentensi ya pili," alisema mwishowe. "Inasema tulikosea kupima. Hatukukosea. Gunia tulilipima vizuri."

"Najua," alisema Mama Margareth. "Nilikuwepo. Nililishika gunia upande mmoja."

"Ulijua, ukaandika?"

"Nilijua, nikaandika. Ulikuwa unakohoa damu."

Mwalimu alijipangusa uso kwa mkono wa koti. Alipozungumza tena ilikuwa ile sauti yake ya kuhariri, kavu, ya mtu anayepanga matofali.

"Bertila, chukua kalamu. Chini ya radhi hiyo, ongeza sentensi moja. Andika: Aliyeandika haya alijua si kweli, akayaandika ili mtu arudi nyumbani. Isome."

Nikaisoma. Sijui nilivyoweza.

"Margareth, umeisikia? Mwandishi una neno?"

"Sina."

Akatoa mkono, akapapasa mezani kama anatafuta kikombe, akaweka kiganja chake. Kilipogusa mbao Mama Margareth aliangua kilio, cha sauti, cha mtu mzima, kichwa juu ya meza. Mwalimu akamtafuta kwa mkono mwingine mpaka akampata bega. Sisi wengine tukaenda kutazama ntumba nyuma ya nyumba. Isdori aliniuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kama zitaoza vizuri, nikamwambia zitaoza.

Jumanne, 22 Aprili

Nimelala mpaka saa tatu. Fundi kaja kuangalia bati. Sasa mvua imekwisha ndiyo kaja.

Ijumaa, 16 Mei

Toleo la mwisho la Uwanda limetoka. Upepo wa kiangazi umeanza, vumbi limeingia mpaka kwenye mashine. Flavian alibeba mabunda, mimi nikabeba uchovu.

Nakala ya kwanza tulimpa Mama Margareth. Mwalimu alikuwa amelala chumba cha pili, kifua kimembana tangu juzi, lakini aliita kupitia ukutani kuuliza kama wino umeshika vizuri. Nikamwambia umeshika. Mama Margareth alikaa mezani, kwenye kiti kilekile cha Pasaka, akavaa miwani, akafungua moja kwa moja ukurasa wa toleo la nane. Alisoma taratibu, kidole chini ya mstari.

Flavian akaniuliza kwa sauti ya chini kama safari hii tuweke walau nakala moja kabatini. Nilikuwa sijaamua.

Mama Margareth alifunga jarida, akavua miwani, akatoka mpaka kwenye ua. Jirani yake alikuwa anaanika ulezi upande wa pili. Akamwita, akamnyooshea jarida juu ya ua kwa ule mkono wa kovu.

"Soma," alimwambia. "Ukimaliza, mpe mwenzako."